Wifi Zangu Walipoosha Injini

Gari letu lilikuwa linakojoa. Ndivyo nilivyokuwa nikisema mbele ya mume wangu, na ndivyo nilivyokuwa nikimkasirisha. Kila asubuhi chini yake palikuwa na dimbwi jeusi la oili, na kila asubuhi nilimwaga unga wa mbao, nikafagia, nikatukana. Ni gari la michezo la zamani, dogo, la watu wawili, jekundu pale ambapo rangi imebaki. Alilikuta uani kwa mtu mmoja kule Namuwongo, karibu na reli, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Akalivuta kwa kamba mpaka kwetu Kansanga. Yale mayai nilikaanga mimi, na mwenye kuku asiniulize.

Mimi ni Mnubi wa Kibra, Nairobi, niliyeolewa Kampala. Yeye ni Mnubi wa huku huku, kwao Bombo. Babu zetu waliletwa na jeshi kutoka Sudani, wengine wakaachwa hapa, wengine kule, na sisi wajukuu tunaendelea kuoana na kugombana kuvuka mpaka. Alikuwa dereva wa malori ya masafa. Akirudi nyumbani badala ya kulala kama watu, analala chini ya gari lake. Mimi nilianza kwa kumpelekea chai, nikawa nampa spana, mwishowe nikawa naambiwa, "Mama, vidole vyako ni vyembamba, hebu ingiza mkono hapo." Hivyo ndivyo nilivyojifunza ufundi. Hakuna aliyenifundisha, nilitumwa tu.

Kisha kiharusi kikampiga. Alhamdulillahi, ulimi ulirudi, na mguu ulirudi kwa kusitasita. Mkono wa kulia ulikataa. Ulikaa mapajani kama mgeni asiyejua ataondoka lini.

Sasa hapo ndipo tabu ilipoanza. Kwetu mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi yake haitajwi watu wakiwa wanakula. Mume wangu alilelewa na mama aliyewachapa watoto kwa kupokea hata kipande cha muwa kwa kushoto. Basi akaamua kwamba, kwa kuwa wa kulia umekufa, yeye hana mkono. Wageni wakija kumsalimia, anajifunika shuka mpaka kidevuni ili asilazimike kumpa mtu mkono. Chakula alikula chumbani, pazia limeshushwa, mimi namlisha kwa kijiko. Imamu wa msikiti wetu alikuja mwenyewe, akamwambia mwenye dharura halaumiwi, ale kwa mkono alionao. Akaitikia, "Ndiyo, shehe." Imamu alipotoka akavuta shuka.

Nyumbani kwetu tunakula sinia moja. Na kwa miaka yote ya ndoa yetu, tulikuwa na vita juu ya sinia hilo, maana kipande kikubwa cha nyama nilichokiweka upande wangu, yeye alikuwa akikiiba. Nageuka kuchukua maji, nikirudi hakipo. Namwambia, "Mwizi wee!" na yeye anatafuna anaangalia dari. Tangu augue, kile kipande kilikuwa kinabaki pale pale nilipokiweka. Wallahi nilikuwa nakiona kama mwiba.

Siku moja akasema, "Liuzwe." Nikauliza nini. "Gari. Kuna mtu wa Ntinda alikuwa akilitaka siku zote. Mpigie."

Pale niliogopa kweli. Gari lile alikataa kuliuza hata miaka tulipokuwa tunakunywa uji mchana na jioni. Mtu akianza kugawa alichokipenda, huyo anafunga mizigo. Sikutaka gari, jamani, mimi gari lilikuwa linanichafulia uwanja tu. Nilikuwa namtaka mume wangu, na nilijua likitoka getini, atatoka nalo.

Basi nikatumia akili ya kike. Nikampigia yule wa Ntinda mbele yake, tukaelewana aje Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nikakata simu, nikasema, "Haya, lakini mimi siuzi gari linalokojoa. Nitaona haya. Injini itatoka, itafungwa sili mpya zote za kuzibia oili, itasafishwa, halafu ndiyo iende."

"Nani atafanya?"

"Mimi. Wewe utakuwa unanituma, si ndiyo kazi unayoijua?"

Hakukataa. Nilijua moyoni kwamba fundi hawezi kusikia injini yake inafunguliwa vibaya akabaki kitandani. Huo ndio ulikuwa mtego wangu.

Vijana wa maegesho ya teksi walikuja baada ya swala ya Ijumaa, wakaitoa injini kwa mnyororo na nguzo tatu za miti, wakaiweka barazani juu ya meza yangu ya kusukumia chapati. Nikaanza. Gasketi mpya nilikuwa nimeagiza Nairobi, zikaja na basi, zimefungwa katikati ya kanga za dada yangu ili zisipinde. Nikakuta madudu. Fundi fulani wa zamani alikuwa amepaka gundi ya silikoni kila mahali, nene kama kaimati, ati anaziba. Mume wangu nilikuwa nampelekea vipande kitandani, anaviangalia, anasema, "Toa yote. Kwangua kwa mbao, usitumie kisu." Anasema hivyo, kisha anageukia ukuta.

Nyuma ya injini, pale mhimili wake mkubwa unapotokea, sili yake si mpira. Ni kamba, kamba ya kusokotwa, ndiyo iliyokuwa chanzo cha ule mkojo. Kamba mpya nikailoweka kwenye oili, nikaisukumia ndani ya mfereji wake kwa kifimbo changu cha chapati, nakizungusha polepole mpaka ikalala. Nikampelekea aone. Akaitazama muda mrefu. "Imelala," akasema. Siku ile alimaliza uji wake.

Tukafika kwenye pistoni. Nieleze kidogo, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Injini yetu ina pistoni nne. Kila pistoni ina mkono wake wa chuma, na mkono huo unaukumbatia mhimili wa injini kwa kifuniko cha nusu duara kinachofungwa na bolti mbili. Kifuniko na mkono wake vilitobolewa pamoja kiwandani, ni mtu na mkewe. Vyote vinne ukiviangalia ni sawasawa, lakini ukimwozesha huyu mke wa yule, tundu haliwi duara tena, na injini itajikaba yenyewe na kupasuka ubavu. Kwa kawaida huwa vimegongwa namba. Vyetu yule yule fundi wa silikoni alikuwa amezisaga namba zake, Mungu anamjua.

Kwa hiyo mimi nilitumia plasta ya hospitali, iliyokuwa imebaki mezani kwa mgonjwa. Nikabandika kila mkono na kila kifuniko, nikaandika kwa kalamu: moja, mbili, tatu, nne. Mikono na pistoni zake nikazifunga kwenye shuka kuukuu, nikaziweka ndani chini ya kitanda. Vifuniko nikaviacha barazani ndani ya beseni, nivioshe nikirudi. Nikaenda dukani barabara ya Ggaba kutafuta mafuta ya taa.

Niliporudi nikasikia kicheko uani. Wifi zangu wamekuja.

Mume wangu ana dada wawili, wakubwa kwake, na ninawapenda, nasema kabla sijaendelea. Hao ni wanawake wa Kinubi wa kweli, wa gurbaba, lile vazi letu la kujifunga, iliyonyooshwa na nyumba inayonukia udi. Kwao ni mwiko kwenda kwa mgonjwa ukakaa kitako. Ukifika unashika ufagio, au sufuria, au nguo. Siku ile nyumba waliikuta imefagiliwa, nguo zimefuliwa. Kilichobaki kichafu ni kile kilichokuwa kwenye beseni.

"Wifi, karibu kwako!" yule mkubwa akaniita, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. "Sisi nasafisha yote. Uchafu ilikuwa mingi, banange! Sasa angalia."

Nikaangalia. Mkeka wangu mzuri ulikuwa umetandikwa juani, na juu yake vifuniko vyangu vinne vimepangwa, vinang'aa kama vikombe vya Idi. Plasta hamna.

"Zile plasta," nikasema.

"Eh, ile!" mdogo akacheka, akampiga mwenzake bega. "Tunashangaa, nani anabandika chuma plasta? Mi nasema, kumbe hata chuma nayo inaumwa! Tulibandua, tukasugua na majivu kabisa."

Nilikaa chini. Nilikaa pale pale kwenye simenti yenye maji ya sabuni. Nina hasira za karibu, kila mtu anajua, na siku ile zilinipanda mpaka kooni, lakini utamwambia nini mtu aliyekuoshea? Nikasema, "Ahsanteni, wifi zangu. Mungu awalipe." Nikaingia ndani, nikauma mto.

Mume wangu alikuwa amesikia yote kupitia dirisha. Nilidhani atacheka, maana zamani angecheka mpaka akohoe. Hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi. Mpigie wa Ntinda, alichukue hivyo hivyo, vyuma kwenye gunia. Nilikwambia toka mwanzo."

"Huendi kuuza gunia."

"Mama, imekwisha. Acha."

Jamani, lile neno "imekwisha". Nikavuta lile shuka kuukuu kutoka chini ya kitanda, nikatoka nalo. Nikachukua mikono minne na vifuniko vinne nikaviweka mbele yangu barazani, wifi zangu wananitazama, sasa wameanza kuelewa kwamba kuna jambo, na kicheko kimekauka. Nilikuwa nimewahi kumsikia mume wangu akisema: funga kifuniko kwenye mkono wake, kaza bolti, kisha pitisha kidole ndani ya tundu. Vikiwa ni mtu na mkewe, kidole hakitasikia mahali vilipounganika. Vikiwa si vyenyewe, utasikia kingazi kidogo, chembamba kuliko unywele.

Nikafunga, nikakaza, nikapitisha kidole. Laini. Nikafunga kifuniko kingine kwenye mkono ule ule. Laini vilevile. Nikafunga cha tatu. Laini! Nikajua tatizo si chuma. Mimi nimegeuza chapati kwa vidole tangu sijaota meno ya utu uzima, na sambusa nimetoa kwenye mafuta kwa mkono watu wakinishangaa. Ncha za vidole vyangu ni ngozi ya ngoma. Wifi zangu wakajaribu nao, maskini, wanataka kulipa dhambi. Wale vidole vyao vimekwisha kwa miaka ya kusuka mikeka na sinia za ukindu. Wakapapasa, wakatikisa kichwa. Mkubwa akaanza kulia. "Ni sisi naua gari ya kaka yetu," akasema.

Hapo ndipo lilinijia. Nani katika nyumba hii ana kidole laini? Nani ana mkono ambao, ukiacha gia ya lori, haujawahi kushika moto, wala spana, wala ukindu, kwa sababu maisha yake yote mwenyewe aliuficha?

Nikabeba mkono mmoja wa chuma, umefungwa kifuniko kimojawapo, nikaingia chumbani, nikavua ile shuka yake bila kuomba. Nikaviweka mapajani pake.

"Pitisha kidole humu."

Akautazama mkono wake wa kulia. "Kwa mkono gani?"

"Huo mwingine."

"Huo si mkono."

Nikalipuka. Nilisema mambo mengi, mengine siyaandiki. Nilisema, "Huo si mkono? Basi ni wa nani, wa jirani? Mungu amekuchukulia mmoja akakuachia mmoja, wewe unamrudishia na huo, unamwambia hapana, sipendi rangi yake! Mimi nakulisha kama kifaranga, sichoki kukulisha, nimechoka kula peke yangu! Unasikia? Nimechoka kula peke yangu."

Nililia. Sikuwa nimekusudia kulia, nilikuwa nimekusudia kugomba tu. Wifi zangu walikuwa mlangoni wameshika pazia.

Kisha ule mkono wa kushoto ukatoka chini ya paja, taratibu, kama mtu anayechungulia. Akaingiza kidole cha shahada kwenye tundu. Akafumba macho. Akakizungusha mara moja, akakirudisha nyuma, kikasimama.

"Kuna ngazi," akasema.

"Unaisikia?"

"Kubwa. Kama kizingiti cha mlango. Hiki si chake, lete kingine."

Nikakimbia, umri huu. Nikafungua, nikafunga kingine, nikakaza. Akapapasa. "Si chenyewe." Kingine. "Bado. Hebu kigeuze, kimekaa kinyume." Nikageuza. Akapitisha kidole, akapitisha tena, na nikaona uso wake unafunguka. "Hapa hamna kitu," akasema. "Hapa ni maji matupu. Andika. Na usiandike kwenye plasta!"

Wifi zangu wakapiga vigelegele mle mle chumbani. Yeye akawafokea wanyamaze anasikiliza, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kule kufoka, maana alikuwa hajamfokea mtu tangu hospitali. Tulivipata vyote. Hata cha mwisho, ambacho hakikuhitaji kupimwa kwa kuwa kilibaki peke yake, alikataa kukiamini mpaka kidole chake kipite.

Kuanzia hapo hakurudi kitandani mchana. Alikuja barazani na kiti chake, akawa ananituma kama zamani, akinionyesha kwa mkono wa kushoto bila kujijua. Nilipotaka kuongeza silikoni kidogo kwenye gasketi ya bakuli la oili, kwa usalama, akanipiga kofi kidoleni. "Kavu!" Nikafunga kavu.

Injini ilirudi ndani ya gari ile Jumapili ambayo mteja alikuwa aje. Tulitoa plagi kwanza, tukaizungusha injini bila kuwasha ili oili ipande. Mimi nilikuwa kwenye usukani, macho kwenye kimshale cha oili. Kimshale kimelala. Tunazungusha, kimelala. Nikasema moyoni, ewe Mola, usituaibishe mbele ya hawa wifi. Kikatikisika. Kikapanda. Nikapiga kelele mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi.

Tukarudisha plagi, nikawasha. Ilikohoa, ikatoa moshi, ikakohoa tena, kisha ikashika. Mume wangu aliinama juu ya injini, bisibisi ndefu kwenye mkono wa kushoto, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, anasikiliza moja, anahamia nyingine. Sisi tunamtazama yeye, hatuitazami injini. Akainuka. "Hakuna anayegonga," akasema. "Wote wako kwa waume zao."

Wifi mkubwa ndiye aliyeleta kitambaa cheupe, cha mezani, cha kwao cha harusi. Akakitandika chini ya gari yeye mwenyewe, kwa magoti, na gurbaba yake nzuri. Tukaiacha injini ingurume mpaka ikapata moto vizuri, tukazima, tukaenda kuswali adhuhuri. Tuliporudi akakivuta. Kilikuwa cheupe. Alikigeuza upande wa pili kama mtu anayetafuta kasoro kwenye noti. Cheupe pia.

Niliketi kwenye ngazi ya baraza. Sijui kama kuna raha inayofanana na ile, ya kitu ulichokuwa umeshikilia kwa meno miezi mizima, halafu unagundua unaweza kuachama.

Simu ikalia. Mtu wa Ntinda yuko njiani, amekwama kwenye msongamano. Nilimtazama mume wangu. Akanipokonya simu. "Ssebo, geuza gari urudi nyumbani, jua ni kali," akamwambia. "Hili haliuzwi." Akakata.

Nikapakua. Nilitandika mkeka kwa wageni, na kwa mazoea nikamjazia yeye bakuli lake nimpelekee chumbani. Nikakuta njia imezibwa. Alikuwa amekwisha kaa kwenye mkeka, kati ya dada zake, mguu mbovu umenyooshwa. Wifi mdogo alikuwa anawanawisha watu na birika. Alipomfikia alisita, hakujua amimine wapi. Mume wangu akautoa wa kushoto, akaukunjua, akaushikilia juu ya beseni.

Wifi akamimina. Mkono ulikuwa na oili kwenye kucha, ilibidi amimine sana.

"Mnatazama nini?" akawauliza dada zake. "Hamjaona fundi akinawa?"

Akasema bismillahi. Nikageuka kidogo tu, kuchukua chumvi. Niliporudi, upande wangu wa sinia palikuwa na wali mtupu, na yeye anatafuna, anaangalia dari.

"Mwizi wee!" nikasema.